Karatasi ya Kabula, niliyowasomea watu nami sijui kusoma

Wakuu, mwadila.

Mimi ni bibi wa Nkololo, huku Bariadi. Humu nimezoea kusoma nyuzi zenu za mifugo na kucheka na matani yenu. Leo naleta wangu. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Sitaongeza chumvi. Chumvi niliyoongeza siku moja ndiyo iliyoniharibia mtoto.

Nina binti, Kabula, wa tatu kuzaliwa. Akiwa na miaka miwili alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini masikio hayakurudi.

Nyumbani tulikuwa na ishara zetu: maji, ugali, ng'ombe, njoo. Basi. Kwa hizo unaweza kumtuma mtu, lakini huwezi kukaa naye ukazungumza.

Baba yake, marehemu Maduhu, akampeleka shule ya bweni ya viziwi, safari ya siku mbili. Huko akajifunza lugha ya alama, akajua kusoma na kuandika. Akija likizo mikono inakwenda mbio kama anachambua pamba, nami natikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo. Sielewi kitu.

Hapa mnielewe vizuri. Mimi niliishia darasa la kwanza, na lenyewe sikulimaliza. Kusoma sikujua. Lakini kanisani niliona aibu, hivyo kila Jumapili nilishika kitabu cha nyimbo nimekifungua. Nyimbo nilizijua kwa kichwa. Mtoto anayesikia angenigundua mapema, maana siku moja Mama Sayi alinigeuzia kitabu, nilikuwa nimekishika miguu juu, watu benchi zima wakacheka.

Kabula hakusikia kicheko. Yeye aliona macho yangu yako kitabuni na midomo inacheza. Akajua mama yake anasoma.

Sasa, ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kuingia, ushirika hauko peke yake tena. Mitumba imejaa gulioni. Kila mtu anasema mambo yamefunguka.

Nasi tukaona kweli yamefunguka, maana barua ilitoka shuleni: viziwi wa Uswidi wamewaalika wanafunzi sita, ziara ya mafunzo. Watakaa wiki tatu kwenye nyumba za viziwi wenzao, waone wanavyoishi na wanavyofundishana. Kabula yumo. Pendo wa Mwamanyili naye yumo.

Maduhu alihangaikia pasipoti mpaka soli ya kiatu ikatoboka. Jirani yetu Mzee Luhende akamtania, "Maduhu, wewe mwenye masikio hujafika Mwanza, unampeleka bubu Ulaya?"

Maduhu akamjibu, "Mwanza nitakwenda akirudi. Atanionyesha njia."

Akaenda. Akarudi.

Kwetu msafiri akirudi hakai na safari yake peke yake. Ananawa, anakula, halafu watu wanaketi uani awape habari. Nawakumbuka wote: Ngolo wa Nkwabi, Holo, Mama Sayi, Minza na mtoto mgongoni, Mzee Luhende na fimbo yake. Maduhu hakuwepo. Alikuwa kituo cha kununulia pamba siku ya nne, anangoja zamu yake ya mizani.

Kabula akasimama, mikono ikaanza. Wakuu, sijawahi kumwona vile. Uso mzima unaongea. Anajigusa kifua, anageuka huku na huku kama watu wawili wanaobishana, anacheka mwenyewe.

Luhende akasema, "Mayu, mama, tafsiri basi! Tunaona ngoma inachezwa, sauti hatuisikii."

Ningesema sijui, yangeishia pale. Lakini wote walinikodolea macho, mama mtu, mzazi wa aliyetoka Ulaya.

Nikatafsiri.

Nikasema anasema ndege ilipita juu ya mawingu. Anasema kule ng'ombe wanafungiwa ndani kwa baridi. Anasema ameshikana mkono na mfalme. Watu wakapiga vigelegele. Kabula akiona wanafurahi, anazidi.

Mwisho akatoa karatasi mbili, moja ameiandika mwenyewe na nyingine ni fomu. Akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili.

Nikazifungua. Nikapeleka macho kushoto kulia, kama kanisani. Nikasema, "Anasema nawasalimu wote, na mama yangu nampenda sana."

Vigelegele! Ngolo akamnyanyua Kabula juu juu. Kabula akalia kwa furaha. Mimi nikakunja karatasi nikaziweka sandukuni, chini ya kitenge changu cha harusi, nikafunga kwa ufunguo.

Maduhu aliporudi nikamwambia mtoto kaleta salamu. Hakuuliza zaidi. Pamba yake ilikuwa imekataliwa, wamesema ni chafu.

Kuanzia hapo, kila asubuhi Kabula anafagia, anavaa gauni la safari, anakwenda kukaa kando ya barabara na begi. Holo akasema, "Huyo Ulaya imemlevya." Nami nikaamini. Nikimfuata na kumvuta mkono, anatabasamu, ananionyesha barabara.

Siku ya kumi na tisa nilimshikisha jembe.

Mwezi ulipopita akaja mwalimu wake, Tabitha. Hata maji hakunywa. "Mama Kabula, mbona hamkujibu? Pendo ameshaondoka."

"Kuondoka kwenda wapi?"

Nikafungua sanduku. Maduhu akachukua ile karatasi ya mkono, akasoma kwa sauti. Kabula amechaguliwa arudi kule asome mwaka mmoja, aje awe mwalimu wa viziwi. Mzazi aweke sahihi kwenye fomu, ifike shuleni kabla ya wiki mbili. Akafika katikati, akanyamaza, akaikunja.

Tabitha akamweleza Kabula kwa mikono kwamba fomu haikufika shuleni. Binti yangu alidhani tumekubali. Vile vigelegele alidhani ndilo jibu.

Aliniangalia. Akaingia ndani, akatoka na kitabu cha nyimbo. Akakifungua mbele yangu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akangoja.

Alingoja sana, wakuu.

Halafu akakifunga polepole, akakirudisha mahali pake.

Tangu siku hiyo mikono yake kwangu ni maji, ugali, ng'ombe. Aliolewa kijiji cha Kimali, kwa mwanaume anayesikia, mwenye mifugo. Pendo nasikia anafundisha. Kabula anakuja kila mavuno, ananipigia goti, ananipikia, anaondoka. Binti yake aliwahi kuniambia, "Bibi, mama akiwa peke yake machungani mikono yake inaongea na ng'ombe."

Ng'ombe wanapewa, mimi sipewi.

Maduhu alipofariki niliingia darasa la watu wazima, na mvi zangu, nakaa na wajukuu wa Luhende. Miaka mitatu. Kitu cha kwanza nilichosoma mpaka mwisho ni karatasi ile. Pale Maduhu aliponyamaza pameandikwa hivi:

"Na wewe mama uje shule, nitakufundisha lugha yangu. Nimechoka kuongea na wewe maji na ugali tu."

Funzo langu ni fupi. Usimsemee mtu usiyemwelewa. Neno "sijui" ni dogo, litoe mapema, maana likichelewa halina wa kulipokea.

Mwenye kujua lugha ya alama, hasa kama uko huku Simiyu, naomba unielekeze jambo moja: mtu anasemaje kwa mikono, "sikujua kusoma, nilikudanganya"? Anakuja mwezi wa sita. Vidole vyangu vimekakamaa, sijui kama vitaweza, na sijui kama ataniangalia.

Andikeni hapa chini, hata wa kunilaumu. Nitasoma yote. Siku hizi nasoma kweli.

Wabeja, asanteni.