Watunzi wa Kihindi Waliotuvunjia Ukumbi

Baba yangu alimpiga mjomba wangu kwa kigoda kichwani, Jumapili mchana, katika ukumbi wake wa filamu hapa Kasongo, watu wakiwa wamejaa hadi mlangoni. Waligombania watunzi wa muziki wa filamu za Kihindi. Nikiwaeleza wageni hivyo, wengi hucheka.

Baba alionyesha filamu hizo tangu nikiwa mdogo, kwanza kwa kanda, baadaye kwa diski. Hakuna mtu mtaani aliyejua Kihindi. Tulifuata nyuso, machozi na ngumi, na zaidi ya yote nyimbo. Baba alijua mtunzi yupi hupenda filimbi, yupi huziacha fidla zilie kwanza kabla mwanamke hajafungua mdomo. Wa zamani ndio aliowahesabu kuwa watunzi. Wa siku hizi aliwaita wezi, na aliwaita hivyo kwa sauti, filamu ikiendelea.

"Sikieni! Huu ni wimbo wa zamani. Wamechukua, wametia ngoma za mashine, wameandika majina yao. Hata haya hawana!"

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa motari. Alibeba abiria kwa pikipiki kati ya Kasongo na Wamaza. Yeye aliwapenda watunzi wapya. Ngoma zao zilimfaa barabarani, kwenye matope na mashimo. Lakini nadhani kilichomuuma hasa ni lile neno wezi. Motari wote walikuwa vijana, na mjini kuku akipotea, wao ndio walioulizwa kwanza.

Basi akatafuta ushahidi. Jirani yetu mmoja, bibi mjane, alikuwa na kanda kuukuu ya nyimbo za Waarabu aliyoletewa na marehemu mumewe aliporudi kutoka kuhiji. Mjomba aliisikia siku aliyompelekea mkaa. Akaomba irudiwe, akainasa kwenye simu yake.

Jumapili ile, baba alipotoka kutia mafuta kwenye jenereta, mjomba akaunganisha simu na bafle, yale maspika makubwa ya ukumbini. Nilikuwa mlangoni na sinia langu la karanga. Kwanza zikaja fidla, kisha sauti ya mwanamke wa Kiarabu. Halafu nikautambua. Ulikuwa wimbo wa baba. Ule ule aliokuwa akimwimbia mama kule Kabambare kabla hawajaoana, wimbo aliotuambia kila wiki kwamba mtunzi wake aliutoa moyoni mwake mwenyewe.

Baba akasimama mlangoni, dumu la mafuta mkononi.

"Shemeji!" mjomba akapiga kelele. "Huyu muzee wako alitoa wapi hii wimbo? Mwite mwizi basi! Mwite, tusikie!"

Mtu mmoja akacheka, ukumbi mzima ukafuata.

Baba aliweka dumu chini taratibu, akainama, akachukua kigoda cha mti alichokalia siku zote. Kilimpata mjomba juu ya sikio la kushoto, kwa sauti kavu kama ya kupasua kuni. Mjomba akaanguka kati ya mabenchi, damu ikimtoka sikioni, wala haikutoka kwenye ngozi, ilitoka ndani.

Motari wakamrukia baba. Wazee wakawarukia motari. Nilimwona mwimbaji wa kanisa, mtu mpole, akimng'ata mwenzake mkono na kukataa kuachia. Benchi likavunjwa, miguu yake ikawa rungu. Kijana mmoja aliponikanyaga nikampiga sinia usoni kwa nguvu zangu zote, na nilipoona pua yake imepasuka nilifurahi. Polisi walikuja na fimbo, wakachapa waliosimama na waliolala, bila kuuliza. Ya kwangu ilinipata begani.

Mama ndiye aliyemvuta mdogo wake nje kwa miguu. Kisha akarudi ndani, akamtandika baba kofi la mdomo.

"Unaniulia ndugu kwa sababu ya wimbo?"

Asubuhi yake zikaja pikipiki. Tulizisikia mbali, nyingi, zikinguruma pamoja. Motari waliivunja milango, wakapasua bafle kwa mapanga, wakamwaga mafuta juu ya mabenchi na kuwasha. Baba alijitupa ndani kuokoa diski. Wakamtoa kwa shati, wakamwangusha uani, wakamponda vidole vya mkono wa kulia kwa jiwe, kimoja kimoja, huku mmoja akisema, "Hiki cha kigoda. Na hiki pia."

Hospitalini alikolazwa mjomba, motari mmoja alikuwa amempitia mjomba na kumwambia kwa fahari, "Leo tunamumaliza." Mjomba aliruka kitandani na bandeji yake, akaja akikimbia na kupepesuka. Aliwakuta wameinua chuma. Hakubishana nao. Alijilaza tu juu ya baba, kifudifudi, kama mkeka. Chuma kikashuka, kikamvunja mfupa wa bega.

"Toka!" wakamwambia. "Tunakulipizia wewe!"

"Huyu ni bwana ya dada yangu," alisema, uso wake ukiwa umekandamizwa shingoni mwa baba. "Muniue naye."

Wakaondoka mmoja mmoja.

Baba na mjomba wakalazwa vitanda viwili vilivyokaribiana, na hawakusemeshana. Mama alileta bugali na sombe, yale majani ya muhogo, katika sahani moja, akaiweka katikati.

"Sahani iko moja. Asiyetaka, alale na njaa."

Wakala, baba kwa mkono wa kushoto. Siku moja, nikiwa nawatolea maji ya kunawa, baba akauliza bila kumtazama:

"Yule Mwarabu, ndiye wa kwanza?"

"Sijui, shemeji. Pengine naye alisikia kwa mwingine."

Baba akatumbukiza mkono wa kushoto kwenye beseni. "Yule wangu alichukua mwanzo tu. Nimeurudia kichwani. Katikati ni yake."

"Kweli, katikati ni yake," mjomba akakubali. "Nawe sikiliza huyu."

Akampa simu. Ulikuwa wimbo mpya, hauna ngoma hata moja. Uzi mmoja wa gitaa na sauti ya mwanamume anayeimba kama aliyechoka. Baba alifumba macho. Nilijua anachofanya: alikuwa akiutafutia wimbo huo mzazi katika nyimbo zote anazozijua. Aliurudisha, akasikiliza tena, akaurudisha.

"Huyu hakuiba," alisema mwishowe. "Ni kijana?"

"Mudogo kuliko mimi."

Baba akanyoosha mkono mzima, akaigusa bandeji ya mjomba. "Upande huu unasikia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, shemeji."

Baba akageukia ukutani, mabega yakimtikisika, na mimi nikatoka na beseni langu.

Ukumbi haukujengwa tena. Mjomba hakuweza kuendesha pikipiki asipoyasikia malori yanayomfuata, akahamia Nyangwe, kando ya mto, ananunua samaki na kuwakausha. Baba hutengeneza redio kwa vidole vilivyopinda. Mwezi uliopita alimwambia mama kwamba anataka kwenda kukaa na shemeji yake mtoni hadi msimu wa samaki uishe. Mama akasema hapana, hao wawili hawakai nyumba moja bila yeye. Kisha akaingia chumbani, akatoa begi, akaanza kukunja nguo za baba pamoja na zake.