Makaa ya Mawe ya Bwana Kilonzo

Maji ya kisima chetu yalikuwa na harufu ya msumari uliolowa. Aliyezoea hakuisikia, lakini mimi niliisikia kila asubuhi ndoo ya kwanza ilipotoka, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kunusa. Nilinusa maziwa kabla ya kuyanywa, nikapekua mchuzi kwa kijiko kuhakikisha nyama niliyowekewa ni ya mbuzi na si ya kitu kingine, na mgeni akisema amekuja kutusalimu tu, nilingoja kwa hamu kusikia alichokuja kutaka. Mama alisema nilizaliwa na roho ya askari wa forodha. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani. Kisima kilikuwa uani, na wanawake wa jirani waliingia na ndoo zao bila kungoja kukaribishwa, mradi wamepiga hodi.

Kisima hicho kilikuwa na heshima yake. Mama, ambaye watu wote walimwita Bi Zuhura, alikuwa mwosha maiti wa mtaa. Akifariki mwanamke, kabla hata turubai halijafungwa, mtu alitumwa kwetu. Mama alichukua kikapu chake chenye pamba, kafuri na majani ya mkunazi, akajitanda buibui, na jamaa wa nyumba ya msiba wakaja kuteka maji yetu ya kuoshea, kwa kuwa ya mfereji yalikuja siku yalipotaka na kwa kuwa ya kwetu watu waliyaamini. Hakulipwa wala hakutaka kulipwa. Tangu baba afariki, nadhani kuaminiwa huko ndiko kulikomsimamisha. Nyumbani alikuwa mjane mwenye binti mmoja na chumba cha kupangisha, lakini kwenye msiba wanawake wakubwa kuliko yeye walimpisha njia.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, miezi michache kabla ya Ramadhani, maji yaliharibika. Yalitoka meupe kisha yakageuka mekundu ndani ya ndoo, na chini yakaacha tope la rangi ya kutu. Siku moja mama alirudi kutoka msibani, akaanika kamba nzima ya vitambaa vyeupe vilivyotumika kumsitiri marehemu. Vyote vilikuwa na madoa ya manjano. Aliviloweka, akavisugua kwa sabuni ya mche, akaviloweka tena, na madoa hayakutoka. Alikula chakula kidogo sana siku hiyo.

Mpangaji wetu wa chumba cha chini ndiye aliyesema dawa ipo. Aliitwa Bwana Kilonzo, mtu wa bara, Mkristo, fundi wa mabomba na boila katika karakana moja huko Shimanzi. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitia wasiwasi. Alifunga mlango hata kwenye joto, alikula peke yake, na alisema Kiswahili cha vitabuni, kila neno limekamilika. Nilimshuku tangu siku aliyohamia. Sababu sikuwa nayo, lakini nilitarajia kuipata.

Niliipata kwenye magunia mawili yaliyoletwa na mkokoteni. Yaliwekwa ukumbini, na mama alipopanda juu darini nililegeza kamba ya moja nikatia mkono. Ndani mlikuwa na punje nyeusi, ndogo kama mchele, baridi, zinazong'aa. Nilizisugua kiganjani kwa nguvu, nikatazama kiganja changu, nacho kilikuwa safi. Makaa niliyajua, kila siku nilitumwa kuyanunua na nilirudi na vidole vyeusi. Kitu hiki cheusi kisichochafua mkono kilikuwa kitu gani? Wiki chache nyuma mwalimu wetu wa chuoni, tulikosoma Kurani, alitueleza kwamba huko ng'ambo kuna viwanda vinavyosafisha sukari kwa mifupa iliyochomwa ikawa nyeusi, na mifupa yenyewe haijulikani ni ya mnyama gani. Nilirudisha kamba kama nilivyoikuta. Nilikuwa na hofu, lakini kusema kweli nilikuwa na furaha zaidi.

Siku ya pili yake Bwana Kilonzo alifunga chujio lake. Alitoboa karai matundu madogo ili maji yadondoke kama mvua na kukutana na hewa, maana, alimwambia mama, hewa ndiyo inayoitoa kutu ndani ya maji ikaonekana. Chini yake aliweka pipa la buluu, akatia kokoto, akatia mchanga, na juu kabisa zile punje nyeusi. Mama aliuliza ni nini, naye akaketi kwenye ngazi kumweleza, huku mimi nikisikiliza nyuma ya pazia. Yalikuwa makaa ya mawe, alisema, na katika makaa ya mawe haya ni yale magumu kuliko yote, yanaitwa anthrasiti. Asili yake ni misitu iliyozama kwenye matope kabla hajaumbwa mtu, ikafunikwa, ikakandamizwa na kupikwa na joto la ardhi mpaka mti ukawa jiwe. Waliolichimba kwanza hawakulipenda, maana lilikataa kuwaka, wakaliona jiwe tu. Baadaye wakagundua kwamba ukilipa hewa kutoka chini linawaka kutwa bila moshi, na hapo ndipo lilipotakiwa kila mahali, kwa kuyeyushia chuma, kwa majiko ya nchi za baridi, na kwa meli zisizopenda moshi wao uonekane kwa mbali. Watu walishuka chini ya ardhi kulifuata, na wengi hawakupanda tena. Sasa, alisema, lilisagwa na kuoshwa likachuja maji.

Mama alishangaa na kusema Mungu ni muweza. Mimi nilijiuliza kwa nini mtu asiye na la kuficha aeleze mambo marefu hivyo. Maji yalitoka maangavu, hayana harufu, na hilo nalo nikalitia kwenye hesabu ya mashaka yangu.

Nilimwambia Fatma tu, rafiki yangu wa chuoni. Sikumwambia kwamba nadhani, nilimwambia kwamba nimeona. Nilisema nimeona ndani ya gunia kipande chenye umbo la kifundo, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo, lakini hadithi ilikihitaji. Fatma alikwenda nayo kwao, na kabla ya Ijumaa kichochoro kizima kilijua kwamba maji ya Bi Zuhura yanapitishwa kwenye mifupa ya nguruwe. Hakuna aliyekuja kugomba. Wanawake waliacha tu kuja. Ua wetu ukawa kimya, na mama akawa anachungulia mlangoni, akisema labda mifereji imefunguliwa.

Kisha akafariki Bi Mwanasha, jirani wa nyumba ya tatu, aliyemfundisha mama kazi ya kuosha. Mama alilia, kisha akatayarisha kikapu, akajitanda buibui na kuketi ukumbini kungoja kuitwa. Alingoja mpaka adhana ya adhuhuri. Aliyekuja ni binti mkubwa wa marehemu, akasimama mlangoni bila kuingia. Alisema wamemleta mwosha kutoka Kisauni, na mama asijisumbue.

"Kwani nimewakosa nini?" mama aliuliza.

"Hukutukosa, Bi Zuhura. Ni hayo mai ya kisima chako. Mamangu hataingia kaburini na najisi."

Mama alivua buibui akalikunja vizuri, akatoa pamba na kafuri kwenye kikapu na kuvirudisha kabatini. Nilitamani aniulize kitu, lakini hakuniuliza. Nilimwonea huruma, na bado sikukiri.

Matanga yalipokwisha alimwita Bwana Kilonzo uani, mbele ya binti wa Bi Mwanasha na majirani wawili, akamtaka ajibu kama anavyomjibu Mungu wake iwapo kitu kile ni mfupa. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba si mfupa, na kama ipo shaka punje zitiwe motoni. Aliweka konzi ya punje kwenye jiko, na kando yake mfupa wa mbuzi uliobaki mchana. Mfupa ulinuka ua mzima. Makaa yale yalikataa kushika kwa muda mrefu, naye akipepea, jasho likimtoka, mpaka yakawa mekundu na mwali mdogo wa buluu ukatambaa juu yake, bila moshi wala harufu. Aliinua uso akitabasamu. Ndipo binti wa Bi Mwanasha akasema kwamba mfupa ule ni mbichi, na uliokwisha kuchomwa zamani utanuka nini tena? Majirani wakaitikia kwa vichwa. Naona aibu kusema kwamba jibu hilo mimi nililifikiria kabla yake.

Asubuhi nilitumwa kumwaga jivu. Mfupa wa mbuzi ulikuwepo pale pale, mweupe, umbo lake lote. Zile punje nyeusi zilikuwa zimekwisha, zimeacha jivu la kujaza kijiko. Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mpumbavu. Mfupa hauliwi na moto ukatoweka. Kilichotoweka kilikuwa kuni ya namna fulani, mti, kama alivyosema. Ningeweza kumwita mama aone. Nilimwaga jivu lote na jiko nikalipangusa.

Bwana Kilonzo aliambiwa ahame siku hiyo hiyo. Alilitoa chujio mwenyewe, akafagia mchanga uliomwagika, akamwambia mama kwamba nyumba ni yake na hana neno. Wanawake walirudi na ndoo zao kuteka maji mekundu, wakayachuja kwa kitambaa na kuyasifu. Mwezi haukwisha mama akaitwa msibani, akatoka na kikapu chake, mabega yamenyooka.

Leo nafundisha shule ya upili, na nimeyasoma makaa hayo mpaka nimechoka. Nimesoma kwamba kulikuwa na watoto wa umri wangu wa wakati ule walioketi kutwa kuchambua mawe kwenye makaa kwa mikono, vidole vikitoka damu, na sikuweza kuendelea na ukurasa huo. Karibu na Biashara Street kuna duka la maji yaliyosafishwa, na mitungi yake ya kuchujia ina punje zile zile, zinaonekana. Watu wa mtaa wetu hupanga foleni hapo, wakanywa na wakatawadhia, na hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Mimi huuliza. Muuzaji ananijua na hunikimbia. Shimanzi nako nimeuliza, karakana baada ya karakana, na hakuna anayemkumbuka fundi aliyeitwa Kilonzo.

Mwezi uliopita mama, ambaye sasa hatoki kitandani, aliniambia kwamba siku yake ikifika nimwoshe mimi, si mwengine. Niliona siwezi kulikubali hilo na uongo wangu mkononi. Nikamweleza yote, gunia, kifundo, Fatma, jivu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nalijua," alisema. "Mamake Fatma alinijia siku ile ile ya msiba wa Bi Mwanasha, akaniambia maneno yametoka kwako. Bwana Kilonzo sikumfukuza kwa kuwa niliamini, mwanangu. Nilimfukuza ili maneno yaishe yasikufikie. Mpangaji hupatikana mwengine."

Nikamwuliza kama aliwahi kumfikiria tena yule bwana. Akasema kila alipoitwa msibani. Kisha akataka nimgeuze ubavu, maana amechoka, nami nikamgeuza. Maisha yangu yote nimewashuku watu, wageni, wauzaji, wapangaji, na kumbe aliyekuwa akinificha jambo alilala nami kitanda kimoja.