Kilio Nilichokipeleka Kisiwani

Dada yangu mkubwa alinipokea gatini akicheka. Nilikuwa nimetoka Kirolirwe kwa pikipiki, nikapita vizuizi vya Mubambiro, nikavuka mpaka, nikapanda ndege, kisha boti ya injini iliyonitapisha mbele za watu, na safari nzima nilikuwa najitayarisha kulia. Yeye akanikumbatia, akanipokea begi, akaniambia chumba chetu kinatazama bahari. Nikabaki na kilio changu kooni.

Kwetu Masisi, aliyekosa mazishi hasalimiwi siku anapofika. Analia kwanza mlangoni, na wale waliozika wanalia naye upya, hata kama machozi yaliwaisha zamani. Ndipo anaketi na kukabidhiwa sehemu yake ya nguo za marehemu. Mama yetu alipofariki, dada alikuwa Ubelgiji na barabara ya kwetu ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo tulizika bila yeye. Baadaye akaniita tukutane likizo, yeye azamie, mimi nipumzike, kwenye kisiwa kilicho mbali na kila kitu. Wadogo zake marehemu, mama zetu wadogo, walifurahi kuliko mimi. Walinifungia kitenge cha mama cha Jumapili na kunituma: lia naye, kisha umpe. Kwa kuwa dada alikuwa hajalia, matanga yalikuwa bado wazi, na shamba la mama lilikuwa limelala, maana hakuna aliyethubutu kulipanda maharagwe.

Kisiwa kilikuwa kizuri, sikatai. Kilichonikera ni kwamba uzuri wenyewe ulikuwa na ratiba. Asubuhi dada anazamia, mchana analala, jioni anakaa na wazamiaji wenzake wakisimuliana samaki kwa Kifaransa, nami pembeni nakula embe lililokatwa maua. Alijua majina ya samaki wote wa pale. Watoto waliozaliwa kwetu tangu aondoke hakujua hata mmoja anaitwaje.

"Yaya, tuikale kidogo," nilimwambia, nikimwita kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu na kumvutia kiti.

"Kesho. Leo niko na plongée mbili."

Kesho yake alikuwa na mizamio mingine. Nikaanza kuuchukia ule mtungi wa hewa wa mgongoni kana kwamba ni mke mwenzangu. Usiniulize mantiki, hasira haina mantiki.

Mwishowe nikasema na mimi nifundishwe kuzamia. Dada alifurahi mno. Hakujua shabaha yangu: ndani ya maji asingeweza kunikimbia, kwani kanuni yao ni kwamba mzamiaji hamwachi mwenzake. Mimi ni mtu wa mlimani, maji mengi niliyowahi kuyaingia ni ya kijito cha kufulia. Wakanivisha suti ya mpira iliyonibana pumzi, wakanitia mdomoni kile kidude cha kupumulia, tukashuka mahali ambapo ningeweza hata kusimama. Dada alinishika mikono yote miwili. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu nifike, kupitia vioo viwili vya miwani, na mimi mjinga nikaona saa imefika. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikainywa bahari.

Walinivuta juu nikikohoa. Mwalimu wa kuzamia aliuliza nilitaka kufanya nini.

"Kusema," nikamjibu.

Dada alicheka hadi akashika mbavu. Nilitamani kumpiga.

Tangu siku hiyo nilikuwa namngoja ufukweni. Siku moja alitoka majini akiwa amechoka. Miwani yake ilikuwa imeingiza maji kule chini, akaivua, macho mekundu kabisa, mashavu yanachuruzika. Nikampiga picha kwa sababu mama wadogo walikuwa wakiniomba picha kila siku, nikaituma bila neno. Kisha nikamfuata kwenye pipa la maji baridi ambako wanasuuza vifaa vyao. Simu ikalia palepale. Alikuwa mama mdogo, yule mkubwa wao. Mikono yangu ilikuwa imelowa kwa kumsaidia kusuuza, nikabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Tumeona photo," alisema. "Mutoto amelia. Aksanti sana, mwanangu. Na sisi tuko hapa tunamusaidia."

Nyuma yake nikasikia wenzake wameanza. Kilio cha kwetu kinaanza chini, halafu mmoja anakipandisha na wengine wanamfuata. Wanawake wa kilimani, ambao hawajui kwamba mtu anaweza kuloa uso hivyo kwa kupenda, walikuwa wanalia kutokana na maji ya chumvi. Nilisimama nimeshika simu juu ya pipa, nimekasirika hadi masikio yanawaka.

Dada aliacha kusuuza. "Banalia nini?"

"Wewe. Banafikiri umelia."

Nilidhani angecheka tena. Aliisogelea simu. "Mama mudogo, nyamazeni. Ile haikuwa machozi. Ni mayi ya bahari tu."

Kule kwetu kilio kikakatika. Nikadhani mtandao umepotea. Kisha mama mdogo akasema polepole, bila ukali wowote, "Haina shida. Sisi tumeisha kuanza. Wewe ingia tu."

Na dada akaingia. Alinipokonya simu kwa mikono yake yenye maji, akaiweka shavuni na kulia kwa sauti, pale mbele ya wazamiaji wenzake, akimwita mama kwa jina la nyumbani ambalo nilidhani amelisahau. Kule wakamwitikia. Nikasogea nimshike bega, maana ndiyo kazi niliyotumwa, ndiyo sababu ya pikipiki na ndege na kutapika kote kule. Akanigeuzia mgongo, akaikumbatia simu. Aliendelea kulia na wao hadi betri ikaisha, na mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, macho makavu.