Dishi Lililoupa Mnara Kisogo

Mtaa mzima ulimwita Injinia, na hata siku moja hakumsahihisha mtu. Miaka kumi na minne ya kufunga madishi ya intaneti juu ya mapaa ya watu ilikuwa imemjaza maneno. "Usipouona mnara, mnara nao haukuoni," aliwaambia wateja. "Mawimbi haya ya kasi hayajui kupenya ukuta." Wateja walitikisa vichwa. Mkewe alipiga miayo.

Siku ya usaili wa binti yao, usaili wa kwenye kompyuta, kazi ya kwanza kumwita baada ya miaka miwili ya kukaa bure, Injinia alimwacha mteja kwenye mataa akakimbia nyumbani kuhakikisha mambo yanakwenda. Akapanda moja kwa moja hadi juu ya paa. Lahaula! Dishi lilikuwa limeupa mnara kisogo, linakodolea jengo la vioo ng'ambo ya barabara.

"Nani kachezea dishi langu?" Akaligeuza kuelekea mnarani. Hakuona haja ya kutazama, wala hakujua kwamba ghorofa jipya linalojengwa kati ya nyumba na mnara lilishaongeza sakafu mbili tangu wiki iliyopita. Mtaalamu hatazami, anajua.

"Baba! Wamekatika!" binti alipiga ukelele kutoka chini.

Mkewe akatokea ngazini anahema. "Leo ulipotoka tu, mtandao ulikufa! Asubuhi nikianika shuka nililigonga likageuka, ukafufuka. Lirudishe, baba watoto, lirudishe!"

Akalirudisha kwa pupa. Nati ya kulikaza ikamponyoka, ikaangukia barabarani. Basi ikabidi alikumbatie dishi juani, dakika arobaini, hathubutu hata kujikuna. Kwenye vioo vya ng'ambo akamwona mzee mwenye kitambi, anatiririka jasho, kang'ang'ania dishi. Na kando ya huyo mzee, kwenye kioo hichohicho, mnara ule uliozibwa na ghorofa. Kumbe kioo kilikuwa kinarudisha mawimbi kama kilivyomrudishia sura yake! Miaka kumi na minne, na shuka ndiyo iliyogundua. Aibu ilimshika, akacheka polepole, dishi lisije likatikisika.

Binti akapanda mbio. "Wamenichukua, baba!"

"Alhamdulillahi! Na pale mtandao ulipokatika, walisemaje?"

"Waliuliza kama nyumbani hakuna fundi. Nikawaambia yupo, ndiye aliyeukata. Walicheka sana, na mimi woga ukaniisha."

Injinia alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Alikuwa bado amelikumbatia dishi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aliachie.