Tulivyomvusha Mama Ruvu

Chuma chenye kutu kikilowa mvua hunukia kama damu mdomoni. Ndivyo ninavyolikumbuka daraja la zamani la Ruvu, masika ile niliyokuwa darasa la tatu, tulipomtoa mama Temeke kwenda kumzika kwetu, upande wa Morogoro. Vyuma vyake vilisukwa pembetatu pembetatu juu ya vichwa vyetu, rangi imebanduka, na sakafu yake iligonga kila gurudumu lilipopita. Baba alikaa mbele na dereva. Sisi tulikuwa nyuma ya lori chini ya turubai, jeneza katikati, nami nimekalia tairi la akiba nikitazama vyuma bila kuwaza chochote.

Kwetu maiti havushwi mto kimyakimya. Lazima aambiwe, la sivyo hubaki ng'ambo, hajui wenziwe wamekwenda wapi. Katika pilikapilika za mvua, kila mtu alidhani mwingine ameshasema. Tulikuwa katikati ya daraja shangazi alipopiga bodi kwa kiganja.

"Simama! Nani amemwambia wifi?"

Shangazi akapiga bodi tena.

"Rudi nyuma!"

"Mama, darajani harudi mtu," utingo alisema.

"Basi leo mtarudi."

Lori likarudi kinyumenyume, na magari yaliyotufuata yakalazimika kurudi pia, honi juu ya honi. Dereva mmoja akatoa kichwa: "Vipi, mmesahau chumvi?"

"Tumemsahau mtu!" shangazi akamjibu. Honi zikanyamaza.

Kisha akanigeukia. "Sema wewe. Sauti yako anaijua."

Nikainama. "Mama, tunavuka mto." Nilisema kama mtu anayeomba apishwe njia. Sikulia. Wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Mimi sikuhisi kama nina moyo.

Mwacha mila ni mtumwa, shangazi alipenda kusema. Nimezurura miji mingi tangu hapo, nimevuka mito bila kumwambia mtu. Mwaka huu tumempeleka shangazi mwenyewe kuzikwa, kwa gari la kukodi lenye kiyoyozi. Daraja la chuma limeachwa pembeni, nyasi zimelipanda. Tulipita la zege, lisilo na sauti, na nilipofungua mdomo tulikuwa tumeshavuka.

"Kaka, geuza. Turudi darajani."

"Daraja lipi, sista?"

Dereva alikwenda mbele hadi penye nafasi, akageuza, tukarudi ng'ambo, tukaanza upya polepole. Nikaligeukia jeneza.

"Shangazi, tunavuka mto."

Sauti ilitoka kavu, ileile. Nikainua macho kutafuta vyuma, nikakuta anga tupu.