Neno Alilolinyamazia Alfayo

Wengine huzaliwa na kichwa cha hesabu, wengine na miguu ya mpira. Alfayo alizaliwa na koo. Katika soko la Luanda, kule Vihiga, aliuza sumu ya panya bila kipaza sauti, na watu walitania kwamba panya wenyewe walikuwa wakihama wakimsikia tu. Penye matanga, yeye ndiye aliyeshika programu. Siasa ikija, yeye ndiye aliyepandishwa juu ya gari. Kwa hiyo alipofika Riyadh akapewa kuendesha fokilifti, gari la kunyanyulia mizigo, katika ghala moja la Al-Sulay, kazi isiyotaka mdomo hata kidogo, koo lile lilimwasha. Alilikuna Ijumaa tu. Jioni, jua likianza kupoa, alipita katika korido za kambi ya wafanyakazi akinguruma, "Mazoezi! Mazoezi!" na Wakenya wakatoka na viatu vyao vya mpira, maana yeye ndiye aliyekuwa kocha wa timu yao.

Chumbani alilala na Elly, kijana wa kijiji cha jirani na kwao. Ni Alfayo aliyemtafutia ajenti, ni Alfayo aliyemfundisha kumwitikia msimamizi, na ni sufuria ya Alfayo iliyomlisha mpaka ikama yake, kibali cha kuishi na kufanya kazi, ilipotoka. Elly alikuwa mpole, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeomba radhi. Alfayo alimpenda sana. Alipenda zaidi kusikia watu wakisema, "Huyu ni kijana wa Alfayo." Mapenzi ya namna hiyo huwa na afya njema mradi kijana asisimame kukuzidi kimo.

Basi siku moja ikaja kampuni ya washauri. Walikuwa na kazi ya kupanga jinsi watu watakaoishi karibu na mtambo wa umeme wa nyuklia watakavyojifunza kujikinga, siku mtambo huo utakapojengwa na siku ukileta balaa. Kabla ya kwenda huko walitaka kujaribu mahali penye watu wa lugha nyingi waliobanana, na kambi ya Al-Sulay ilikuwa na lugha nyingi kuliko vyoo. Aliyewaongoza alikuwa Injinia Nouf, mwanamke kijana, Msaudi, asiyependa maneno mengi. Aliwaeleza kwa Kiingereza kwamba king'ora kikilia, kukimbia ni kosa. Hewa ndiyo yenye sumu. Ingia ndani, funga mlango na dirisha, zima AC, ungoje kuambiwa. Akasema anatafuta sauti za kutoa tangazo hilo, moja kwa kila lugha, na atakayechaguliwa ataacha kazi yake ya sasa azunguke na timu yao kambi hata kambi.

Alfayo hakulala. Alijua Mungu amemkumbuka.

Siku ya kujaribiwa alimchukua Elly amsindikize, kama mtu anavyokwenda na shahidi wake harusini. Akapewa karatasi, akavuta pumzi, akaisoma kwa sauti ile ile ya Luanda. Vioo vya ofisi vilitetemeka. Injinia Nouf alirudi nyuma kidogo, akatabasamu kwa adabu.

"Ahsante," alisema. "Una sauti kubwa sana. Lakini watu wakikusikia, watakimbia." Kisha akamgeukia Elly aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni. "Na wewe? Hebu soma."

Elly akasoma, taratibu, kama alivyokuwa akiwasomea watoto wa Sunday school kule nyumbani hadithi ya Daudi. Injinia alifumba macho kusikiliza. Alipoyafumbua, mambo yalikuwa yamekwisha.

Tuseme ukweli: Alfayo aliona wivu. Si ule wivu mdogo wa kumtamani mwenzako viatu. Huu ulikaa palepale kooni, mahali pa fahari yake, ukawa unapanda na kushuka kila alipomeza mate. Kampuni ikampandisha Elly ndege kwenda Jeddah kurekodi. Akatuma picha, amesimama ufukweni, amevaa shati jipya, samaki mzima kwenye sahani mbele yake. Kambini picha ikapita simu hadi simu.

"Elly ameomoka, buda!" alisema Duncan, golikipa wa timu. "Kocha, si ni wewe ulimleta huku?"

"Ni mimi," Alfayo akajibu. Neno lile lile alilolipenda zamani sasa lilimkwaruza. Usiku akageukia ukuta, akanong'ona kwamba shukrani ya punda ni mateke, ingawa Elly hakuwa amempiga mtu teke. Hata akirudi na zawadi, alifikiri, sitaichukua. Elly akarudi na manukato, na Alfayo akayachukua, akayaficha chini ya godoro asije akanukia kama mtu aliyefurahi.

Jioni hiyohiyo Elly akaketi kando ya kitanda chake.

"Bro, hebu skiza hii, wewe ndio uko na lugha. Ijumaa jioni wanaijaribu hapa. Lakini usiambie mtu, madam anataka kuona watu watafanya nini wakishtukizwa. Amesema kama kuna neno la kubadilisha, nimwambie leo."

Akaicheza kwenye simu. Sauti yake ikatoka laini, safi. "Haya ni mazoezi. Haya ni mazoezi. Ingieni ndani, fungeni milango na madirisha, zimeni AC, mngoje tangazo."

Alfayo aliliona kosa kabla sauti haijafika mwisho. Ijumaa jioni! Elly hakuwa mtu wa mpira. Ijumaa yake ilikuwa ya kwenda Al-Shumaisi kununua unga wa ugali, hakuwahi hata mara moja kuwapo korido ikiamka. Kwa wanaume wa kambi ile, neno "mazoezi" siku ya Ijumaa lilikuwa na maana moja tu, tena walikuwa wamefundishwa maana hiyo na koo lake yeye. Angesema, "Weka jaribio badala ya mazoezi," kazi ingekuwa imekwisha na wangekunywa chai.

"Uko na shida na neno lolote?" Elly akauliza.

"Iko sawa kabisa," Alfayo akasema. "Kiswahili cha redio."

Elly akamshika mkono kwa furaha. Mkono ule ulimwunguza Alfayo.

Ijumaa ikafika. Alfayo hakupita koridoni. Alilala kitandani, dirisha limefungwa, AC imezimwa, jasho likimtiririka, akingoja. King'ora kikalia. Kikaja Kiarabu, kikaja Kiurdu, kikaja Kibangla, na milango ikasikika ikifungwa upande wa wenzao. Kisha Elly kwenye spika: "Haya ni mazoezi. Haya ni mazoezi."

Mengine hawakuyangoja. Milango ya Wakenya ilifunguka kwa kishindo. Walitoka wote, wamevaa jezi, Duncan mbele na glavu zake, mmoja akidunda mpira, wakicheka kwamba leo kocha amenunuliwa mashine. Walikwenda kusimama uwanjani katikati, mahali ambapo sumu ingewapata wote kwa pamoja, wakaanza kunyoosha misuli mbele ya Injinia Nouf na mabosi wake. Mabosi wakaangaliana. Elly alikuwa kando yao, na uso wake ulianguka.

Alfayo alichungulia kwenye ufa wa pazia, akacheka mpaka akauma shuka. Msaidizi wa injinia alipopita kukagua vyumba, akamkuta yeye peke yake, Mkenya pekee aliyebaki ndani, akamwinulia dole gumba. Usiku ule Alfayo alijiona tayari yuko Jeddah.

Asubuhi msimamizi akaleta uamuzi wa mabosi. Hawakuwa wametafuta sauti nyingine. Waswahili ni wachache, walisema, na wakiambiwa waingie, wanatoka. Kiarabu, Kiurdu, Kibangla vinatosha, na Kiingereza mwishoni kwa waliobaki. "Swahili mafi, hakuna tena. Halas, yalla, kazini!" akasema, akapiga makofi. Elly akarudishwa ghalani kupakia katoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini Alfayo alikuwa ameingia na ukoo mzima.

Jaribio la pili liliwakuta jioni, watu wakipika. King'ora kililia, spika zikasema Kiarabu, zikasema Kiurdu, zikasema Kibangla. Wakenya wakasimama koridoni na miiko mikononi, wakitazamana. "Wanasema nini? Tutoke ama tuingie?" Kiingereza kilikuwa bado hakijafika. Alfayo alisimama mlangoni pake. Alijua la kusema, na koo lake lingefika hadi getini bila umeme. Alingoja aombwe. Hakuna aliyemwomba.

Elly ndiye aliyetoka. Bila spika, bila kazi, akapita akigonga mlango baada ya mlango na sauti yake ndogo. "Ingieni, jamani. Fungeni dirisha. Zimeni AC. Hili ni jaribio." Nao wakaingia, mmoja mmoja, hata Duncan aliyekuwa amemcheka wiki nzima. Mwisho akafika kwa Alfayo.

"Ingia ndani, kaka."

Alfayo hakusogea.

"Siku ile," Elly akasema polepole, "wewe peke yako ndio ulibaki ndani. Nilikuhesabu." Hakungoja jibu. Akamsukuma kidogo begani, kwa upole, akaingia naye, akafunga mlango, akaanza kuziba ufa wa dirisha kwa taulo lake mwenyewe.

Alfayo aliketi kitandani, akamtazama akihangaika na taulo. Angeweza kusema pole. Alichokisikia kwanza kifuani hakikuwa aibu. Elly alijua yote, na bado alikuwa amemgongea. Na hata moyo huo, Mungu amsamehe, Alfayo aliuonea wivu.