Siku Niliyomshusha Bibi Kwenye Ruta

Kosa lilikuwa langu, nalisema mapema kabla mtu mwingine hajalisimulia vibaya. Nilipanga intaneti ya nyumba nzima kwa umri.

Nilikuwa mwalimu mgeni Endasak, nimepanga chumba kwa bibi mmoja mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Chumba cha pili alikaa dada muuguzi wa zahanati, naye wa kuja kama mimi. Tulipoleta ruta ya kutugawia intaneti, mtandao ukawa mdogo kwa watu watatu, nikaambiwa mimi ndiye ninayejua kompyuta, nitafute dawa. Kwenye mipangilio nikakuta mahali pa kuziweka simu kwa foleni: ya kwanza inahudumiwa kwanza, nyingine zinapata kinachobaki. Wala sikufikiri. Bibi namba moja, muuguzi namba mbili, mimi mwisho. Mtu unayempa shikamoo kila asubuhi utamwekaje nyuma yako?

Jamani, sikujua Bibi anapenda mieleka. Tangu chai ya asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi, ni majitu yanarushana kwenye simu na yeye anapiga kelele, "Usimwachie! Mkalie!" Sisi hata picha moja haikufunguka. Ndani tulinung'unika, nje tulitabasamu.

Kisha dada akaitwa kwenye usaili. Alikuwa ameomba nafasi ya kusomea ukunga mara mbili, akakosa. Safari hii chuo kilitaka kuzungumza naye kwa video, Jumamosi saa nne asubuhi. Ijumaa nikampigia kutoka shuleni tujaribu. Uso wake ukaganda mdomo wazi.

"Nikiganda hivi kesho, basi tena," aliniambia jioni, machozi yanamtoka.

"Kamwombe Bibi apumzike kidogo."

"Kamwombe wewe."

Hakuna aliyekwenda.

Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano, nikaingia kwenye ruta kimya kimya, nikampandisha muuguzi juu na kumshusha Bibi mpaka chini kabisa. Nilijiona mwizi wa kuku.

Haikupita muda Bibi akatoka na simu mkononi. "Mwalimu! Wamegoma kupigana."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimesema wamegoma."

"Mtandao unasumbua leo."

Akatega sikio. Dirishani ilitoka sauti ya dada, anaeleza jinsi ya kumsaidia mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. "Mbona wa kwake hausumbui?"

Nikaishiwa uongo. Nikamwambia yote: foleni, namba moja, usaili, na kwamba sasa yeye ndiye wa mwisho. Nilitazama viatu vyangu nikingoja kuambiwa nihame.

"Kwa hiyo miezi yote hii nawamalizia intaneti, na nyie mnanichekea tu?"

"Ilikuwa heshima, Bibi."

"Heshima gani? Huo ni uoga! Mngeniambia." Akaizima simu, akaitia mfukoni mwa sweta, akaenda kukaa na fimbo yake mlangoni kwa dada. Jogoo akafukuzwa. Jirani aliyekuja kuomba chumvi akapiga hodi kwa sauti ya sokoni, naye akaonyeshwa fimbo. "Nyamaza wewe, kuna mtu anaulizwa maswali humu!" alimfokea, kwa sauti kubwa kuliko ya jirani na jogoo wakiunganishwa. Nilijiziba mdomo nisicheke.

Dada alitoka chumbani, jasho linamtiririka. Hakuganda hata mara moja, ila mmoja wa wasaili alimuuliza kama nyumbani kwao kuna ugomvi.

Wiki iliyofuata chuo kikapiga simu: amepata. Loh! Tulirukaruka uani kama watoto, na vigelegele vya Bibi nadhani vilifika mpaka barabarani. Alimkumbatia dada, akamwambia aende akasome sana, asigeuke nyuma. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Na presha yangu," akauliza taratibu, "sasa atanipima nani?"

Dada akapiga magoti, akamshika mikono. Hapo wote watatu tukalia.